Muulize Padre: "Kwani Umebadili Dini?"

Kamwene, wasomaji. Katika toleo lililopita niliandika, tena kwa sentensi moja tu, kwamba aliyenifundisha kusali kwa mwili wangu wote ni jirani yangu Mwislamu. Sentensi hiyo imeleta barua nyingi kuliko hata mwezi ule tulipozungumzia zaka, na zaka ndiyo kawaida inayochemsha watu. Mhariri ameniomba nizijibu baadhi kwa urefu. Majina nimeyaondoa, ila nimeacha mahali barua zilikotoka. Walioandika kwa matusi nao nimewasoma. Mmoja wao ana mwandiko mzuri sana.

Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mama mtu mzima, mwana-WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania) hapa Makambako. Nilimwonyesha katekista wetu ulichoandika, akasema huko ndiko kuchanganya dini kunakoanzia, na padre akishaanza hivyo mwisho wake unajulikana. Jumuiya yetu imegawanyika. Tuambie wazi: ulijifunza nini kwa huyo Mwislamu ambacho Kanisa letu halina? Na Baba Askofu anajua?

Milele na milele, amina. Nianze na la mwisho, mama. Baba Askofu anajua. Alisoma ukurasa huu kabla ya katekista wako, na swali lake lilikuwa moja: huyo mzee bado yu hai? Nikamwambia alishatangulia mbele ya haki. Akasema tumwombee. Basi.

Sasa mzee mwenyewe. Nilipokuwa paroko upande wa Mufindi, ng'ambo ya barabara kutoka nyumba ya mapadre palikuwa na duka la vipuri vya baiskeli. Mwenye duka asili yake Kilwa. Baba yake aliletwa bara na biashara, yeye akazaliwa Iringa, na Kihehe alikisema vizuri kuwashinda vijana wengi wa ukoo wangu. Alikuwa mtu wa tarika ya Kadiria, moja ya jumuiya za Kisufi za Waislamu, na usiku wa kuamkia Ijumaa dhikiri yao, kule kulitaja jina la Mungu kwa kulirudia, ilitufikia mpaka sebuleni. Lakini si dhikiri iliyonivuta. Kilichonivuta ni adhuhuri. Mteja amesimama na hela mkononi, anataka tairi, mzee anatazama saa ya ukutani, anamwambia "nisubiri kidogo, mwanangu", anachukua birika, anatawadha, anatandika mswala nyuma ya kaunta. Mteja akiamua kwenda duka lingine, haya, aende.

Na mimi dirishani namwona, nikiwa na kitabu changu cha Masifu mezani. Huenda hili hulijui, mama: padre naye ana vipindi vitano kwa siku. Kuna Kipindi cha Masomo, Masifu ya Asubuhi, Sala ya Mchana, Masifu ya Jioni, na sala ya kabla ya kulala. Tunaahidi kuvishika siku ya kupewa ushemasi. Kuvishika tunavishika, ila sisi kwa sisi tunajuana: Sala ya Mchana mara nyingi husaliwa kiti cha mbele cha gari, kati ya Nyololo na Mafinga, dereva akiongea na simu.

Halafu mwili. Sala tano za faradhi zina rakaa 17, na kila rakaa ina sijda mbili. Piga hesabu: paji la uso la yule mzee liligusa chini mara 34 kwa siku, sunna hujaziweka. Mimi nililala kifudifudi mbele ya altare siku ya upadrisho, na baada ya hapo ni Ijumaa Kuu tu, mara moja kwa mwaka. Nilimuuliza kama magoti hayamuumi. Akasema yanauma sana, hasa Juni na Julai baridi ya Mufindi inapokaza, akanionyesha na dawa ya kuchua aliyokuwa akijipaka kabla ya alfajiri.

Nilichochukua kwake ni hivyo viwili, saa na mwili. Sala ya Mchana naisali saa sita nikiwa nimesimama, popote nilipo, na kabla ya Masifu ya Asubuhi nasujudu sakafuni mbele ya tabernakulo, magoti yakiruhusu. Zaburi ni zilezile. Katekista wako akipita Iringa anaweza kukikagua kitabu.

Umeuliza kama Kanisa halina hayo. Linayo, tena tangu zamani. Nenda Peramiho au Hanga uwaone watawa wa Mtakatifu Benedikto: kengele ikilia, jembe linawekwa chini. Ila Peramiho ni mbali, na duka la baiskeli lilikuwa mbele ya dirisha langu.

Wala si mimi wa kwanza. Mwaka 1219, katikati ya vita vya msalaba, Fransisko wa Asizi alivuka mstari wa mbele kule Damietta, Misri, akaenda kuongea na Sultani al-Malik al-Kamil. Sultani hakusilimu, hakubatizwa. Alimsikiliza, akamrudisha salama. Aliporudi Italia, Fransisko aliwaandikia watawala wa miji akiwasihi kila jioni itolewe ishara ili watu wote wamsifu Mungu, na wapo wataalamu wanaosikia humo mwangwi wa adhana aliyoisikia Misri. Mwingine ni Charles de Foucauld, mwanajeshi wa Kifaransa aliyekuwa ameacha kabisa imani. Alisafiri Moroko mwaka 1883 na 1884, na kuwaona Waislamu wakisali kulimtikisa. Mwaka 1886 alirudi kwenye kitubio, baadaye akawa padre, akaishi kati ya Watuareg jangwani Algeria mpaka alipouawa tarehe 1 Desemba 1916. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 15 Mei 2022. Kwa hiyo, mama, mwambie katekista kwamba tunaye mtakatifu ambaye njia yake ya kurudi kanisani ilipitia kwa watu waliokuwa wanaswali.

Na kama anataka karatasi yenye mhuri, ipo: tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano liitwalo Nostra Aetate, la tarehe 28 Oktoba 1965. Linasema Kanisa halikatai chochote kilicho cha kweli na kitakatifu katika dini nyingine, na linawataja Waislamu kwa heshima, sala yao, sadaka yao na kufunga kwao. Ni kurasa chache tu. Zisomeni jumuiya nzima, halafu mgawanyike mkiwa mmesoma.

Assalaam aleikum. Padre, shikamoo. Mimi ni kijana wa Kiislamu, nafanya biashara Mwanjelwa, Mbeya. Nimefurahi unavyotusema vizuri. Lakini naomba nikuulize bila kuficha: je, umeisoma Kurani? Na kama umeisoma na umekiri mema yote hayo, unangoja nini kusilimu?

Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Nimeisoma, kwa tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy iliyokamilika mwaka 1969, na ile ya Godfrey Dale ya mwaka 1923. Huyu Dale alikuwa padre wa Kianglikana Unguja, na tafsiri yake ndiyo Kurani nzima ya kwanza kuchapwa kwa Kiswahili. Alitafsiri kwa bidii, ila maelezo aliyoyaweka nyuma yake ni ya mtu anayejibu mashtaka. Sheikh Farsy naye hakumwachia. Ukisoma vitabu hivyo viwili pamoja unawasikia wazee wawili wanaobishana kwa adabu na kwa ukali, kila mmoja akijua kitabu cha mwenzake. Laiti mihadhara ya kubishania dini ya miaka ya 1990 ingekuwa hivyo. Mingi niliyoisikiliza, ya upande wenu na ya upande wetu, ilikuwa watu wanasoma kitabu cha jirani kama polisi anayepekua nyumba.

Nilipofika Sura Maryam nilisoma polepole. Nilipofika Sura ya 5, aya ya 82, pale pasemapo kwamba walio karibu zaidi kwa mapenzi na waumini ni wale wasemao "sisi ni Wakristo", kwa kuwa miongoni mwao wamo makasisi na watawa na hawajivuni, nilifunga kitabu kwanza. Ni aya nzito kwa padre, hasa hilo la kutojivuna.

Kusilimu sijasilimu kwa sababu moja, na nitakuambia kama ulivyoniuliza, bila kuficha. Sura ya 4, aya ya 157, inasema hawakumuua Isa wala hawakumsulubu. Mimi maisha yangu yote yamesimama juu ya kuamini kwamba alisulubiwa, akafa, akafufuka. Kila asubuhi nikiinua kikombe natangaza kifo hicho. Hapo, mwanangu, hatukutani, na nikijifanya tunakutana nitakuwa nakudharau wewe na kitabu chako. Yule mzee wa vipuri alijua hivyo. Hakuacha hata siku moja kuniombea nisilimu, na aliniambia hivyo kwa mdomo wake, tukicheka, juu ya kahawa. Mimi nilimwombea ya kwangu.

Nami nikuulize, Injili umeisoma? Si vipande vinavyosomwa kwenye kipaza sauti. Anza na ya Luka, mwanzo mpaka mwisho. Halafu niandikie.

Padre, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu Njombe. Ukiacha Uislamu, kuna dini nyingine iliyowahi kukufundisha kitu?

Ipo, na ilinifundisha kula.

Landrover ya parokia ilikuwa ikitengenezwa Iringa mjini na fundi mmoja Kalasinga, yaani mtu wa dini ya Sikh, mzaliwa wa hapahapa. Siku moja tulikutana Dar es Salaam, akanipeleka kwenye hekalu lao, gurdwara. Unavua viatu, unafunika kichwa. Baada ya ibada watu wote huketi chini kwa mistari, na waliojitolea hupita wakigawa dengu, wali na chapati. Anakula yeyote aliyefika, wa dini yoyote, bure. Jiko hilo huitwa langar, na limekuwa desturi yao tangu enzi za Guru Nanak, mwanzilishi wao, aliyefariki mwaka 1539. Makusudi yake ni hayohayo: wa tabaka la juu na wa tabaka la chini wakae mkeka mmoja, wale chungu kimoja. Kando yangu aliketi mzee mwenye kiwanda, na kando yake mlinzi wa getini.

Wewe umekulia Njombe, kwa hiyo unajua sikukuu ya somo wa parokia, yaani mtakatifu msimamizi wake, inavyokuwa. Meza kuu ina kitambaa, maua ya plastiki, soda za baridi na kuku mzima mzima. Pale pana paroko na mgeni rasmi. Huku nje waumini wanapanga foleni ya pilau chini ya jua, na wa mwisho wanakuta ukoko. Na asubuhi yake wote tumekula Mwili mmoja wa Kristo! Nililiwaza jambo hilo njia nzima ya kurudi, mpaka Ruaha Mbuyuni tuliposimama kununua vitunguu.

Mwaka ule niliondoa meza kuu. Halmashauri ya Walei ilipinga vikali: mgeni rasmi atakaa wapi? Mgeni rasmi alikaa benchi na watu wengine, akala, akaomba kuongezewa. Mwaka uliofuata nilikuwa nimehamishwa, na nasikia meza kuu ilirudi, safari hii na zulia jekundu.

Padre, mimi ni Mkatoliki, nasoma chuo hapa Mbeya. Nimekuwa na msongo wa mawazo, silali. Rafiki alinionyesha video za kutafakari: unakaa kimya, unarudia neno moja. Imenisaidia kidogo. Lakini kiongozi wa kikundi chetu cha sala anasema hiyo ni dini ya Wahindi na ni mlango wa mapepo. Nifanye nini?

Kwanza, usingizi ukikosekana kwa wiki kadhaa, nenda zahanati ya chuo ukamwone daktari. Sala haikatazi daktari, na daktari hakatazi sala. Hilo lifanye kabla ya kumaliza kusoma jibu langu.

Sasa la mapepo. Kurudia neno katika sala hakukuanzia kwenye video. Rozari ni nini? Waorthodoksi kwa karne nyingi wamerudia "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie" kufuatana na pumzi. Nikupe kisa cha Mwingereza mmoja, John Main. Miaka ya 1950 alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kule Malaya, akakutana na mtawa wa Kihindu, Swami Satyananda, aliyekuwa akiendesha kituo cha yatima. Main alimwomba amfundishe kusali. Swami akamwambia akae kimya nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, arudie neno moja la imani yake mwenyewe, ya Kikristo. Baadaye Main aliingia utawa wa Mtakatifu Benedikto huko London, na mlezi wake wa unovisi akamwambia aache. Akatii, akaacha. Ilipita miaka mingi, ndipo alipomsoma Yohane Kasiano, mtawa wa karne ya nne na ya tano, akakuta amefundisha jambo lilelile: chukua aya moja, ile ya kumwomba Mungu aje hima kusaidia, uirudie mchana na usiku. Ndiyo aya tunayofungulia Masifu mpaka leo! Main akarudia kukaa kimya na akaanza kuwafundisha wengine, akitumia neno "Maranatha", mpaka alipofariki mwaka 1982.

Kwa hiyo Mhindu alimwonyesha kitu kilichokuwa kabatini mwa nyumba yake mwenyewe.

Usinielewe kwamba kila kitu ni sawa. Kiongozi wako ana hofu iliyopitiliza, ila si hofu ya bure. Mfaransa Henri Le Saux, naye mtawa wa Benedikto, alikwenda India mwaka 1948. Mwaka 1950, pamoja na padre Jules Monchanin, alianzisha Shantivanam, makao ya watawa kando ya mto Kaveri: nguo za rangi ya zafarani, kula chini kwa mkono, maandiko ya Kihindu yakisomwa pamoja na Zaburi. Mwingereza Bede Griffiths aliyachukua makao hayo mwaka 1968. Shajara ya Le Saux inaonyesha mtu aliyevutwa huku na huku kati ya alichokikuta ndani ya Uhindu na Misa aliyoisoma kila siku, na hakupata raha rahisi mpaka kifo chake mwaka 1973. Namheshimu mno. Lakini alilipa gharama. Alikaa India miaka 25, alivaa umaskini wao, alilala mapangoni. Wewe una video ya dakika kumi yenye tangazo la mkopo katikati.

Roma yenyewe iliandika juu ya jambo hili tarehe 15 Oktoba 1989, barua iliyotiwa saini na Kardinali Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto wa 16. Kwa ufupi: njia nzuri za wengine zinaweza kutumika, mradi usipoteze kwamba sala ya Kikristo ni mazungumzo na Mungu aliye nafsi. Na usidhani kila utulivu au joto unalolisikia mwilini ni Roho Mtakatifu. Mengine ni mwili tu umepumzika. Hilo la pili wanakikundi chenu mngelisoma kwa makini pia, maana wapo wanaodhani kila kutetemeka ni Roho.

Mimi hukaa kwenye kigoda, blanketi begani, kabla hakujapambazuka. Neno langu ni "Yesu". Siku nyingi hakitokei kitu, nasikia mbwa na malori ya mbao. Kaa hivyohivyo. Asikutoze mtu hela kwa kukaa kimya.

Ugonile, Padre. Mimi ni mzee wa Tukuyu, Mmoraviani tangu utoto. Nimesoma habari zako nikacheka. Ninyi mnakwenda kujifunza kwa Waarabu na Wahindi. Na babu zetu je? Hao mliwaita wapagani, na sisi Wamoraviani pia tuliwaita hivyo. Hivi karibuni tumezika, wazee wa ukoo wakataka mambo ya kimila yafanyike, vijana walokole wakaondoka msibani kwa hasira. Wewe kwa babu zako hukujifunza kitu?

Ugonile, mzee wangu. Umenishika pabaya, na pazuri.

Ni kweli, kwa padre wa Kiafrika ni rahisi kusoma habari za mtawa wa India kuliko kuketi na bibi yake mwenyewe. Habari za India unazikuta kitabuni, zimeshapewa heshima na Wazungu. Za bibi ziko jikoni, zina moshi, na shuleni tulishaambiwa ni za giza.

Bibi yangu mzaa baba, wa Kilolo, alibatizwa uzeeni. Kabla ya hapo alimwomba Nguluvi, ndiye Mungu kwa Kihehe, na baada ya hapo aliendelea kumwomba Nguluvi. Kwake hakuhama nyumba. Nilikuwa mseminari wa Peramiho, niko likizo, nikamuuliza tambiko la ukoo wetu lilikuwaje. Nilitarajia aniambie habari za kondoo na unga. Akaniambia habari za ugomvi. Ukoo ulikusanyika, ulanzi, pombe ya mianzi, upo, unga upo, na mkubwa wa ukoo hakugusa kimojawapo mpaka kila mtu aseme kilichomo moyoni mwake. Wewe uliuza ng'ombe wa mama bila kuniambia. Wewe mke wako alinitukana kisimani, ukanyamaza. Mchana kutwa. Mwenye kinyongo akikificha, tambiko limeharibika na mvua hainyeshi. Kuna mwaka, alisema, liliahirishwa mpaka msimu mwingine kwa sababu ndugu wawili walikataa kusema.

Na kwenu Unyakyusa ni vivyo hivyo, wewe unajua kuliko mimi. Monica Wilson, mtafiti aliyeishi Rungwe miaka ya 1930 na mumewe Godfrey, aliandika kwa urefu jinsi ndugu walivyopaswa kuitoa hasira yao kwa maneno kabla ya ibada ya ukoo, na jinsi mtu alivyopuliza maji kutoka kinywani kuwa alama kwamba amesema na moyo umebaki mweupe. Hasira iliyofichwa ndiyo waliyoiogopa, zaidi ya ile iliyosemwa. Wamisionari wa Kimoraviani walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuta watu wanaojua jambo hilo tayari.

Sasa fungua Mathayo 5, aya ya 23 na 24: ukiwa unatoa sadaka yako altareni, ukakumbuka ndugu yako ana neno nawe, iache sadaka, nenda mkapatane kwanza. Bibi hakujua kusoma. Sisi tunaojua kusoma tunasema "mtakiane amani", kila mtu anamshika mkono aliye jirani yake, ambaye hana ugomvi naye. Yule mwenye ugomvi naye amekaa benchi la upande wa pili, na tunahakikisha amekaa huko.

Nilichofanya ni hiki. Familia ikija kuomba Misa ya marehemu wao, nawaomba kwanza wakutane jioni ya kabla yake, watu wazima wote, wayaseme. Mimi nakaa pembeni. Mara nyingine wanalia, wanapatana, na Misa ya kesho yake inakuwa na uzito ambao mahubiri yangu hayajawahi kuuleta. Mara nyingine wanatoka wamegombana kuliko walivyoingia. Kuna familia moja Misa yao niliisoma, wao wenyewe hawakutokea.

Kuwataja marehemu wa ukoo mbele ya Mungu hakunitishi pia. Misale ya Zaire, yaani kitabu cha Misa cha Kongo ya leo, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988 inawaita mababu waliokuwa na moyo mnyofu wawe pamoja nasi kwenye Misa, sambamba na watakatifu. Sisi huku bado tunaogopa.

Mahali ninapokataa ni ramli. Mganga anapomnyooshea mtu kidole na kusema huyu ndiye aliyemuua mwanao, hapo sina cha kujifunza, na nilishamfukuza mganga msibani nikiwa na stola shingoni. Mwanzoni mwa mwaka 2019 kule Njombe watoto waliuawa kwa imani za kishirikina. Mtu asiniambie hiyo ni mila. Bibi yangu angewatemea mate.

Hao vijana wenu walioondoka msibani, waiteni. Msianze na tambiko. Anzeni na swali la nani ana neno na nani. Mlokole gani atakataa Mathayo 5?

Padre, nina miaka 26, Mkatoliki, naishi Vwawa. Mchumba wangu ni Mwislamu na hataki nibadili dini, wala mimi sitaki abadili. Wazazi wa pande zote wamekasirika. Inawezekana?

Inawezekana, binti yangu, ila kuna karatasi, na karatasi zenyewe zina maana.

Kwa Kanisa, ndoa ya Mkatoliki na asiyebatizwa inahitaji ruhusa ya askofu, nayo huombwa kupitia paroko wako. Wewe utaahidi mawili: kuilinda imani yako, na kufanya yote yaliyo katika uwezo wako ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Yeye hatakiwi kuahidi chochote; anatakiwa tu aelezwe kwamba wewe umeahidi. Hilo la watoto liongeeni sasa, kwa majina na shule, kabla ya kununua sare za harusi. Nimeona ndoa nyingi za namna hii zikivuka Ramadhani na Kwaresima vizuri sana, zikaja kukwama siku ya ubatizo.

Kwa serikali, soma Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ndoa ya Kikristo ni ya mke mmoja. Ndoa iliyofungwa kwa taratibu za Kiislamu huhesabiwa kuwa ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo. Kwa hiyo swali la mtafunga wapi ni zaidi ya suala la picha na ukumbi. Ukisikia "tutafunga kote kote kuwaridhisha wazee", simama uulize kwanza.

Wazazi wapeni muda, msiwape siri. Na uje na huyo kijana kwa paroko wako, pamoja, siku ya kazi saa nne asubuhi. Jumapili baada ya Misa hatutawasikia vizuri, watu ni wengi na kila mmoja ana la kwake.